Wifi na Neno la Siri

3 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu zetu sote. Hatujambo, isipokuwa mafua ya mapacha. Mmoja akipona anampokeza mwenzake, kwa hiyo nyumba haiishiwi kamasi. Mama yupo, anakula, anakusalimu sana. Kila jioni anauliza kama umeandika.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Tangu siku ile tuliyokatiana simu, kaka yako ametuomba tuandikiane. Anasema mimi na wewe tukisikizana sauti ni petroli na kiberiti. Nimemtii. Kwenye barua mtu humaliza kusema ndipo mwenzake aanze, na kama kuna la kukuudhi utaliudhikia huko huko, mimi sitakusikia.

Shida yangu ni hii. Kompyuta ya dukani imekufa. Inawaka, inaonyesha alama ya kiwanda, kisha giza, na kistari kimoja cheupe kinakonyeza juu kushoto. Fundi wa hapa mtaani aliitazama kama daktari anayetazama saa yake. Akasema mashine ni kikongwe, mifumo ya siku hizi haiwezi kuibeba, nikatafute nyingine. Kutafuta nyingine si jambo la mwaka huu. Na humo ndani ndimo ilimo kazi yangu yote ya kuchapa: kadi za harusi, ratiba za mazishi, na mitihani ya shule mbili ambazo huja kwangu kila mwisho wa muhula. Ng'ambo ya barabara wamefungua duka jipya, lina kompyuta tatu na feni ya darini. Mwalimu mkuu mmoja nimemwona akiingia mle. Alitoka mikono mitupu, lakini aliingia.

Nilimpigia kaka yako huko kwenye minara yake ya simu. Akasema, "Mwulize dada, ndiye anayejua." Nikamwambia, si wewe uliyeiweka ile mashine? Akasema, "Mimi nilikuwa nafuata anachoniambia dada." Basi ndiyo nakuuliza. Tangu niolewe, nikiuliza chumvi iko wapi naambiwa nimwulize dada.

Nisaidie, tafadhali.

Mke wa kaka yako


19 Februari

Wifi,

Barua imefika, imekunjamana kama iliyokaliwa. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Mimi sijambo. Karakana imejaa mashine za watu hadi kwenye ngazi, na fundi cherehani wa chini analalamika kwamba wateja wangu wanakanyaga vitambaa vyake. Mwambie mama yangu nimepata miwani mipya na simu yake nitapiga Jumapili. Mwambie aipokee yeye mwenyewe, maana siku hizi unaipokea wewe, unasema kalala, unakata.

Kuhusu kompyuta, fundi wenu hakukosea kuhusu umri. Amekosea kuhusu dawa. Ndani ya bahasha hii kuna flashi, nimeifunga kwa karatasi ya sigara isikwaruzike. Imebeba mfumo mwepesi ambao mashine ya kizee inaweza kuubeba bila kuhema. Lakini kuuweka si kwa picha za kubofya kama ulivyozoea. Ni kwa maandishi matupu. Utaona skrini ya buluu na kisanduku cha kijivu katikati, na ndani yake maswali. Mausi iweke pembeni, haina kazi. Mishale ni ya kupanda na kushuka. Tab ni ya kuruka kutoka kwenye orodha kwenda kwenye vitufe vya chini. Kitufe kirefu cha nafasi ni cha kuweka nyota au kuiondoa. Enta ni ya kukubali. Inauliza, unajibu, inauliza tena. Ukikosea, kuna neno la kurudi nyuma, tena halikuchukii.

Chomeka flashi kabla ya kuwasha, kisha bonyeza F12 mfululizo mpaka ikuulize ianzie wapi. Chagua flashi. Endelea taratibu mpaka ufike inapozungumzia diski. Hapo simama. Usichague kutumia diski yote, hata kama ndiyo ya kwanza kwenye orodha na inaonekana nyepesi. Ukiichagua, mitihani, harusi na mazishi vyote vinakwenda. Nakili unachokiona, unitumie.

Mdogo wangu, mumeo, yuko salama, usiwe na wasiwasi naye. Amepungua kidogo lakini anakula. Jana nilimkaangia mayai, akala, akalala mpaka jua likamfikia kitandani. Nikamwacha.

Dada wa mume wako


4 Machi

Wifi,

Hatujambo. Mama hajambo. Mafua yamekwisha.

Nimefanya ulivyosema. Iliniuliza lugha, nikatafuta Kiswahili kwenye orodha nzima nisikikute, nikachagua Kiingereza, tutasomana hivyo hivyo. Ikaniuliza niko wapi na kibodi yangu ni ya namna gani. Kisha ikaniuliza habari za wifi. Wallahi nilicheka peke yangu dukani. Hata mashine inataka kujua wifi yangu ni nani, na neno lake la siri ni lipi. Nikaijibu kwamba sina, nikaendelea.

Ikauliza jina la mashine. Nikaiita mzee. Kisha ikauliza jina la mtumiaji, na hapo nikakaa kidogo, kidole hewani. Unajua mwenyewe jina nililokuwa naandika kila asubuhi kabla sijafungua mlango. Tangu uitoe zawadi ya harusi, mashine hii ilikuwa inafunguka kwa jina lako, lile analokuita kaka yako tangu utotoni. Malkia, kwa herufi ndogo. Mvua inyeshe, jua liwake, mteja amesimama, mimi naandika malkia ndipo duka langu lifunguke. Nilipomwomba alibadilishe alisema ni kazi kubwa. Sasa naona ni kisanduku kimoja na Enta. Nimeandika mwenyeduka.

Nilipofika kwenye diski nikasimama. Hiki ndicho nilichonakili: kuna diski moja, na chini yake mistari miwili. Wa kwanza mdogo, wa pili mkubwa karibu mara tatu yake. Juu kuna neno la kutumia diski yote, na mwisho kabisa kuna la kugawa kwa mkono. Sikugusa. Nikazima.

Sasa lingine. Mimi sikujua kama kaka yako alikuwa mapumzikoni. Mimi niliambiwa hakuna ruhusa mpaka Juni, kazi imebana, na huko waliko mtandao ni wa kubahatisha. Mtu anayejenga minara ya simu ndiye asiyepatikana kwa simu, nikakubali, nikaona ni maajabu ya dunia. Kumbe mayai yanakaangwa. Alikuja lini? Amekuja mara ngapi? Kama bado yupo, mwambie aongeze hata mstari mmoja wa mkono wake chini ya barua yako, mapacha wauone mwandiko wa baba yao.

Mke wa kaka yako


6 Aprili

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilinielemea, na nilikuwa natoka sana. Umeme nao ulituchezea. Mengine ni yale yale. Nafurahi kwamba mafua yamekwisha.

Tuanze na diski. Mstari wa kwanza, ule mdogo, ndiko ulikokuwa mfumo wa zamani. Huo ndio uliooza. Wa pili ndio wenye kazi zako. Kwa hiyo chagua kugawa kwa mkono. Shuka kwenye mstari wa kwanza, Enta. Itakuuliza utumike vipi. Mwambie ufutwe, utengenezwe upya, uwe shina la mfumo, ile alama ya mkwaju, mstari mmoja ulioinama. Maliza, rudi. Shuka kwenye mstari wa pili, Enta. Hapa ndipo pa kutuliza moyo. Mwambie utumike kama makazi ya mafaili, lakini yaliyomo yabaki. Kuna neno la kufuta na neno la kubakiza. Soma mara mbili. Ukirudi kwenye orodha tazama pembeni: wa kwanza uwe na herufi F, ndiyo alama ya kufuta. Wa pili uwe na K. Ukiona F mbili, usiende mbele.

Itakuuliza mara ya mwisho kama una hakika. Kitufe kilichokolezwa kitakuwa Hapana; imewekwa hivyo kusudi, kwa ajili ya watu wenye haraka. Ruka kwa Tab uende Ndiyo. Tab yenyewe ukiibonyeza katikati haishiki, ibonyeze kwenye pembe ya kushoto, kama unamfinya mtu. Kisha Enta, kisha subiri.

Mwishoni itauliza kama iweke kianzishi kwenye diski. Kubali. Bila hicho mfumo utakuwepo lakini hautajua njia ya kuamka. Ikisema imemaliza, toa flashi ndipo uiwashe upya.

Kuhusu kaka yangu, mtu akilala kwa dada yake hajalala ugenini. Mimi ndiye niliyemvusha barabara akienda shule. Sidhani kama natakiwa kuweka hesabu ya mayai.

Na mama yangu ana nini? Jumapili alipokea simu, nikashukuru, lakini alikuwa anazungumza kama mtu aliyelala chali. Nilimwambia, "Simama dirishani, mtandao ukae vizuri." Akasema hapo alipo panatosha. Mama yangu namjua, hawezi kuzungumza na simu bila kutembea nyumba nzima.

Dada wa mume wako


15 Aprili

Wifi,

Salamu. Mama anakula vizuri na anakusalimu. Mapacha wameng'oka meno ya mbele, wote wawili wiki moja, sasa wanapiga mluzi wakisoma.

Nakuandikia kwenye kompyuta ya dukani. Barua hii nimeichapa kwa printa yangu, kama unavyoiona.

Nilifunga mlango mchana, nikabandika karatasi kwamba nimetoka. Nikapita maswali yote kama mwenyeji. Nilipofika kwenye diski nikawa nasoma kila mstari kwa sauti. Mara ya kwanza niliona F mbili. Sijui niligusa nini. Nikarudi nyuma, nikaanza upya, F ikabaki moja na K ikatokea. Mama alikuwa chumbani nyuma ya duka, mlango wazi, akiuliza kila mara, "Imekubali?" Nikamwambia bado. Akasema, "Isemeshe kwa upole." Ikaja ile ya mwisho, Hapana imekolezwa kwa wekundu. Nilifikiria mwalimu mkuu na lile duka la feni. Kisha nikabonyeza Tab, kwenye pembe ya kushoto, kama namfinya mtu. Enta.

Mstari ukaanza kujaa taratibu kama mtungi kwenye bomba la mgao. Ikauliza vitu vya kuweka, nikaweka nyota kwenye vyepesi tu. Ikauliza kianzishi, nikakubali. Ikasema imemaliza, nikaiwasha upya, ikaniuliza lugha tena. Kumbe sikutoa flashi. Nilipoitoa ikawaka, giza kidogo, kisha ikaniuliza mimi ni nani. Nikaandika mwenyeduka.

Kazi zote zimo. Mitihani ya muhula uliopita imo. Zimo ndani ya folda yenye jina lako, hilo sikulibadilisha. Leo shule zote mbili zimeleta karatasi zao, na yule mwalimu mkuu hakuvuka barabara. Jirani mwenye duka la dawa naye ameniletea yake niitazame.

Nakushukuru kwa hayo yote, na nasema kwa moyo.

Sasa nijibu. Kibodi hii tuliinunua mwaka jana, baada ya ile ya kwanza kumwagikiwa maji. Wewe hujawahi kuigusa. Hujawahi hata kuiona. Kwamba Tab yake haishiki mpaka ifinywe pembeni, duniani tunajua watu wawili, mimi na mume wangu. Kwa hiyo Aprili sita ulipokuwa unaandika, alikuwa amekaa karibu nawe anakutajia. Siku hiyo hiyo alinipigia akasema yuko juu ya mnara na upepo ni mkali. Kulikuwa kimya kabisa, wifi. Nilisikia mtu anakoroga chai.

Sijawahi kukuuliza swali hili kwa sababu nilijua jibu litaniuma. Nyumba yako ina nini ambacho yangu haina? Nimezaa naye, nimefungua duka naye, nimemtunza mama yake. Bado akichoka anakuja kwako. Akifurahi anakuambia wewe kwanza, mimi naletewa habari zikiwa zimepoa. Nilipojifungua mapacha alitoka wodini kwenda kukupigia simu kabla hajanishika mkono. Ukishindwa kunijibu, mwambie yeye anijibu. Kwa mkono wake.

Mke wake


29 Aprili

Wifi,

Sina salamu ndefu leo. Nimesoma barua yako mara nyingi, kisha nikampa aisome. Alipomaliza aliugeukia ukuta.

Hawezi kukuandikia kwa mkono wake. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Alianguka katikati ya Januari, hakuwa juu sana, alikuwa anashuka, ngazi ikateleza. Bega lilitoka, wakalirudisha. Mkono wameupasua na kuweka vyuma. Hospitali waliyompeleka iko karibu na kwangu, na walipomuuliza ndugu wa karibu alitaja jina langu. Ulipoandika barua ya kwanza alikuwa kitandani kwangu, na ulipompigia simu kuhusu kompyuta nilikuwa nimemshikia mimi sikioni. Baadaye kidonda kilichafuka, ikabidi arudishwe. Ndiyo maana Machi nzima nilikuwa kimya, nilikuwa natoka kwenda wodini. Sasa anakaa, anatembea, anakoroga chai kwa mkono wa kushoto. Ulisikia vizuri.

Aliniapisha. Alisema, "Duka limekufa na mimi mkono umekufa, asipate habari mbili kwa mpigo. Kwanza dada mfufulie duka." Nikamwambia mkewe ana haki ya kujua. Akasema ukijua utafunga, utabeba mapacha na mama, utakuja kukaa sakafuni hospitalini, na shule zitavuka barabara. Kila barua niliyokuandikia kuhusu ule mfumo tuliiandika wawili. Mimi najua maswali ya mashine, yeye anajua mashine yenu. Habari ya Tab alinitajia kwa furaha, kwa sababu ni kama alikuwa anakuona ukiibonyeza. Nilimwambia nisiandike, utashtuka. Akasema, "Asipoandikiwa hiyo, atakwama palepale." Nikaandika.

Ningeweza kuacha ile habari ya mayai. Hiyo hakunitajia mtu. Nilitaka ujue kwamba yuko kwangu, na kwamba anakula chakula changu. Nimekaa mwenyewe kwenye nyumba hii tangu nilipoachika, nasafisha mashine za watu. Mlipofunga ndoa nilikaa meza ya mbele nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Niliona umepata mume, na juu yake umepata mama yangu. Mama naye kila nikimpigia anasema, "Mke wa mwanangu kanifanyia hivi, mke wa mwanangu kanifanyia vile." Hajui kama inaniuma.

Nimeshakujibu lako. Sasa nijibu langu. Mama yangu ana nini?

Malkia


6 Mei

Wifi,

Barua yako nimeisomea jikoni, nimekaa juu ya debe. Nimelia kwanza kwa ajili yake. Nikalia tena kwa hasira. Miezi mitatu na ushei umemlisha mume wangu kwa kijiko na mimi nikawa nahesabu chuki. Siwezi kukusamehe kwa barua moja. Jina la ndugu wa karibu alilolitaja limeniingia kama mwiba, tena halitoki. Nitaishi nalo.

Lakini sina pa kusimama nikuhukumu. Mama alianguka bafuni wiki ya kwanza ya mwaka. Ni nyonga. Haikukatika, imepasuka, wakasema alale. Aliniapisha siku ile ile, akiwa bado sakafuni, hata sijamwinua. Alisema, "Ukimwambia binti yangu atafunga karakana aje, na karakana ndiyo kitu pekee alichobaki nacho." Nikakubali. Wiki hizi ameanza kutembea na kile kigari cha kushikilia, lakini daktari wa hapa anasema mguu mmoja unavutwa, atazamwe hospitali kubwa. Hospitali kubwa ni hiyo ya huko kwenu.

Unaniuliza kama nilificha kwa sababu ya kiapo tu. Hujaniuliza, lakini nimeona umeuliza. Jibu ni hapana. Uliposema asimame dirishani, na yeye akanikonyeza nisiseme, nilifurahi. Kulikuwa na jambo moja la mama yako ambalo mimi nalijua na wewe hulijui.

Mitihani imeisha kuchapwa. Mapacha wanakwenda kwa mdogo wangu. Duka nalifunga wiki mbili, nimebandika karatasi, na wenye shule wameisoma wakasema watangoja. Jumanne tunapanda basi la asubuhi, mimi na mama, kiti cha mbele kwa ajili ya mguu wake. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, itakutangulia. Usimwambie kaka yako. Ametuficha vya kutosha. Safari hii atakayekuwa hajui ni yeye.

Mke wake


20 Juni

Wifi yangu,

Natumaini mlifika salama, na kwamba yule bwana hakubeba mzigo kwa mkono wenye vyuma kama alivyokuwa anataka. Mapacha wapewe salamu zao mmoja mmoja, wasigombee.

Bado nakumbuka ulipoingia. Mdogo wangu alikuwa anamenya chungwa kwa mkono mmoja, amelibana na goti. Alipokuona aliliachia, likaviringika chini ya kabati. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi na fundi cherehani, maana niliona mimi ndiye wa ziada. Uliponiita ndani nilijua umejilazimisha. Nashukuru ulijilazimisha.

Mama anaendelea. Daktari amesema hakuna haja ya kupasua, mazoezi na subira. Nilifurahi ulipokubali abaki kwangu mpaka miezi ya mazoezi iishe. Nilisafisha chumba, nikatundika pazia jipya, nikaweka kiti karibu na dirisha. Nilidhani nimepata nilichokuwa nakililia.

Wifi, mama yangu hanitaki. Nasema vibaya. Ananipenda, lakini hanizoei. Nikimshika kumwinua asubuhi anajikaza kama ubao, anasema namuumiza. Chai yangu anaionja anaiweka chini. Dawa anasema atameza baadaye. Usiku hapati usingizi, nasikia anageuka. Juzi nilikuwa namfunika, akaniita kwa jina lako. Hakujisahihisha. Nami sikumsahihisha.

Naomba uniandikie unavyofanya. Anza alfajiri mpaka anapolala. Andika kama kwa mtu asiyejua kitu, usiruke, maana mimi katika hili sijui kitu. Sijazoea kuomba, hasa kwako. Nimeiandika barua hii mara tatu.

Wifi yako


2 Julai

Wifi yangu,

Tulifika salama. Mzigo alibeba, kwa mkono wa kushoto, mpaka nilipomnyang'anya. Mapacha wamemchora kwenye mkono wenye vyuma, kila mmoja upande wake. Sasa anakaa nami dukani, anachapa kwa kidole kimoja. Jana alikuja mteja na kompyuta iliyokufa, nikaweka flashi, nikaanza maswali yangu. Yeye akanitazama tu. Baadaye akasema, "Dada angeanza na kebo." Nikamwambia dada hayupo hapa. Akacheka. Mimi sikucheka, lakini kebo nilikwenda kuitazama, na kweli ilikuwa imelegea. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Usiku akilala anataka mto chini ya kiwiko, umekunjwa mara mbili. Nikiukunja mimi anasema sivyo. Nimeukunja kwa kila namna. Wewe ulikuwa unaukunjaje? Ninauliza nikiwa nimeuma meno, kwa hiyo jibu kwa kifupi.

Sasa ya mama. Asubuhi usimvute kwa mikono. Kaa kitandani upande wa mguu mzima, mpe bega, mwambie yeye ndiye akuinue wewe. Atakubali, maana hapendi kusaidiwa lakini anapenda kusaidia. Kabla ya hapo mkande kwa mafuta yaliyopata moto kidogo, kuanzia kifundo kwenda juu, usianzie juu. Chai yake iwe nyepesi, tangawizi iingie mwishoni, kikombe kiwe kile cha bati. Cha udongo anasema kinanuka. Cha bati nimekifunga, kinakuja na bahasha hii. Dawa usimpe. Ziweke mezani karibu naye, kisha umwambie unatoka kidogo, na utoke kweli. Ukirudi utakuta amemeza. Ukikaa kumtazama hatameza mpaka kesho.

Kuhusu kukuita jina langu, usiumie sana. Hapa alikuwa ananiita lako. Miaka yote hiyo, akiwa amechoka, au akiwa amefurahi kupita kiasi, ananiita lako. Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikutaka upate hata hilo.

Umeniomba mpaka anapolala. Hilo la kumlaza nalijua, ni jambo dogo, halichukui muda, na baada yake analala mpaka asubuhi. Nilianza kuliandika hapa, nikalikata, ndiyo huo wino mzito unaouona. Mengine yote nimekupa. Hilo sikupi. Ni mama yako, utalipata mwenyewe, au atakaporudi kwangu atalikuta.

Wifi yako